Darasa moja, wanafunzi 52, kompyuta 14: nipange vipi azimio la kazi?

BARUA

Ndugu washauri,

Habari za kazi. Nafundisha somo la Kompyuta Kidato cha Kwanza katika shule ya sekondari ya kutwa mkoani Tanga. Darasa lina wanafunzi 52, wasichana 29 na wavulana 23. Kompyuta zinazowaka ni 14, nyingi zina Windows 7 na chache Windows 10. Projekta ni moja, na umeme hukatika bila taarifa. Kwa wiki nina vipindi vitatu vya dakika 40, viwili kati yake vimefuatana.

Uhaba wa vifaa nimeuzoea. Kinachonishinda ni tofauti za wanafunzi wenyewe. Kama kumi hivi wametoka shule za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza, na watano kati yao wanaandika programu ndogo nyumbani. Zaidi ya 30 wametoka shule za vijijini zinazofundisha kwa Kiswahili. Hawajawahi kugusa kibodi, na mafunzo rekebishi ya Kiingereza tuliyowapa mwanzo wa mwaka hayajawatosha kusoma kitabu cha kiada. Nina msichana asiyeona anayetumia nukta nundu, mvulana mwenye ualbino asiyeona ubao hata akikaa dawati la mbele, na msichana kiziwi. Huyu wa mwisho ana mkalimani wa lugha ya alama, ila mkalimani hajawahi kusoma kompyuta.

Nikienda kwa kasi ya wale watano, wengine wananakili tu kilichoko ubaoni. Nikienda kwa kasi ya wengi, wale watano wanafungua michezo.

Je, niandae maazimio matatu tofauti? Nianze na Scratch, lugha ya programu ya kuunganisha vitalu, au Python, ya kuandika kwa maneno? Na mwalimu wa taaluma anashauri yule msichana asiyeona ahamishiwe somo jingine. Nimjibu nini? Azimio linatakiwa kwa mkuu wa shule baada ya wiki mbili.

Mwalimu wa Kompyuta, Tanga

MAJIBU

Mwalimu, pole na majukumu, na asante kwa kutupa hesabu kamili za darasa lako. Ushauri wa jumla usiojua idadi ya mashine na dakika za kipindi haumsaidii mtu anayeingia darasani Jumatatu.

Maazimio matatu, usiandike. Hutapata muda wa kuandaa seti tatu kila wiki, na kufikia wiki ya nne utakuwa umebaki na moja, lile la wale watano, kwa sababu ndilo jepesi kufundisha. Pia mtoto akishajua yuko kundi la chini, hata maswali huacha kuuliza. Andika azimio moja lenye lengo moja kila wiki, kisha panga njia zaidi ya moja za kulifikia.

Msingi tunaokuomba uujenge ndani ya kila wiki ni huu: mwanafunzi akutane na ugumu mpya mmoja kwa wakati. Somo la Kompyuta lina magumu matatu yanayokuja yamefungwa pamoja. Kuna lugha, yaani Kiingereza cha kitabu na maneno ya fani. Kuna mikono: kibodi, kipanya, kuhifadhi faili na kuipata tena. Na kuna fikra: sharti, kurudia hatua, kugawa tatizo kubwa vipande. Ukimwambia mtoto wa kijijini aandike programu ya kukokotoa nauli, unampa yote matatu kwa mpigo. Anashindwa, nawe unaandika kwamba hajaelewa masharti. Huenda masharti ameyaelewa vizuri, ila nukta pacha (:) inayotakiwa mwishoni mwa mstari haipati, kwa sababu hakuna aliyemwambia kuwa lazima ashikilie Shift.

Wale watano wako kinyume chake. Mikono wanayo, lugha wanayo, ndiyo maana wanaonekana wamemaliza kila kitu. Ukiwaondolea mashine na kuwauliza programu itatoa jibu gani na kwa nini, mara nyingi utakuta kwenye fikra wamewatangulia wenzao kidogo tu. Kwa hiyo pengo unaloliona darasani ni la mazoea zaidi kuliko akili, na pengo la mazoea linazibika ndani ya muhula mmoja ukilipangia muda.

Wiki ya kwanza ipe kazi ya kupima. Kwenye kipindi kimoja waingize wanafunzi 13 kwa zamu nne, dakika 8 kila zamu. Zinatumika dakika 32 na darasa zima linapita. Kila mmoja aandike jina lake kamili na sentensi moja ya Kiswahili, ahifadhi faili, aifunge, kisha aifungue tena. Wewe angalia tu mikono na uweke alama moja kati ya tatu: hajawahi, anajaribu, amezoea. Kipimo hiki kisitumike kwa msichana asiyeona kabla hujamwekea kisoma skrini, yaani programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini, ambayo habari zake utazisoma hapo chini. Wanaosubiri zamu wajaze karatasi ya maswali matano au sita: nyumbani kuna simu ya aina gani, aliwahi kutumia kompyuta wapi, akisoma anaelewa zaidi lugha ipi, ubao anauona akikaa wapi, anasikia vizuri akikaa wapi. Maswali mawili ya mwisho yaulizwe kwa karatasi tu. Wapo wenye uoni hafifu wasiojulikana na mtu, na hawatanyoosha mkono mbele ya wenzao. Karatasi ya asiyeona na ya kiziwi zijazwe nao kwa faragha, kwa msaada wa mkalimani pale inapohitajika.

Sasa vipindi. Wanafunzi 52 kwa mashine 14 ni karibu wanne kwa kila mashine, na wanne kwenye kibodi moja maana yake wawili wanatazama ukuta. Gawa darasa nusu kwa nusu. Wanafunzi 26 kwa jozi wanatumia mashine 13, na ya 14 inakaa akiba, maana kuna siku moja itagoma. Nusu ya pili inafanya kazi ya mezani ndani ya chumba hichohicho. Dakika 80 za vipindi viwili zigawe hivi: 10 za maelezo kwa wote, 30 za zamu ya kwanza, 5 za kubadilishana, 30 za zamu ya pili, 5 za kufunga. Zile 5 za kubadilishana usizipuuze. Usipoziandika kwenye andalio la somo, zitaliwa kutoka zamu ya pili, na wanaoumia watakuwa kundi lilelile kila wiki. Kwa hiyo pia badilisha kundi linaloanza na mashine wiki hadi wiki.

Kipindi kile cha peke yake, cha dakika 40, kifanye cha karatasi peke yake: kusoma programu, kutabiri, kupanga mistari. Umeme ukikatika siku ya vipindi viwili, unahamishia kazi hiyo pale na mashine zinasubiri. Kila wiki iwe na karatasi zake zimeshachapwa kabla, la sivyo umeme ndio utakaoamua mwendo wa somo lako.

Ndani ya jozi mmoja ni mwandishi, mwenye kibodi, na mwingine mwongozaji, anayesema kifanyike nini na kukagua makosa. Mwongozaji haruhusiwi kugusa kibodi, hata kwa herufi moja. Wabadilishane kila baada ya dakika 7. Jozi zipange kwa mazoea yanayolingana, aliyewahi na aliyewahi, ambaye hajawahi na ambaye hajawahi. Walimu wengi huwachanganya wakitumaini mjuzi atamfundisha mwenzake, lakini kinachotokea ni mjuzi kuandika na mwenzake kutazama. Wasichana wako ni wengi kuliko wavulana, na bado ukiwaacha wajipange wenyewe, utakuta kibodi nyingi ziko mikononi mwa wavulana. Andika majina ya mwandishi na mwongozaji kwenye karatasi ya kila mashine, upitie kila mwisho wa wiki nani ameandika mara ngapi.

Chuo cha Harvey Mudd huko California kilikabili tatizo kama lako kuanzia mwaka 2006. Kozi ya mwanzo ya kompyuta kiliigawa kwa uzoefu, wasiowahi kuandika programu wakakaa na wenzao na waliowahi wakakaa na wenzao, lakini wote wakifikia mahali pamoja mwisho wa muhula. Walimu pia walizungumza faragha na wanafunzi waliotawala mijadala darasani. Ndani ya miaka michache wanawake waliochagua kompyuta kama fani yao kuu walitoka karibu asilimia 10 hadi karibu 40. Wewe huna walimu wawili wala madarasa mawili, ila kupanga jozi kwa uzoefu na kumwita pembeni yule anayejibu kila swali unaweza kuanza wiki hii.

Maudhui ya wiki 12 za mwanzo tungeyapanga hivi.

Wiki ya 2 hadi ya 4, kwenye mashine ni mikono tu. Wanachapa maandishi ya Kiswahili wanayoyajua kwa moyo, wanahifadhi, wanabadili jina la faili, wanaitafuta. Lugha ni ya zamani na fikra haidaiwi, kwa hiyo vidole vinapata nafasi. Ukiwapa aya ya Kiingereza wachape, wataisaka herufi moja moja na hutajua kinachowachelewesha ni kibodi au ni neno.

Mezani, wiki hizohizo, ni fikra bila mashine. Namba za binari, zinazoandikwa kwa 0 na 1 tu, zifundishe kwa kadi tano zenye nukta 16, 8, 4, 2 na 1, zikiwa zimepangwa kutoka kubwa kushoto hadi ndogo kulia. Kadi iliyofunuliwa ni 1, iliyofunikwa ni 0. Kwa kadi hizo wanaweza kuunda namba yoyote kutoka 0 hadi 31: kumi na tisa ni 10011, yaani 16 na 2 na 1. Zoezi hili ni miongoni mwa mengi yaliyoenezwa na Tim Bell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, kwa ajili ya kufundisha sayansi ya kompyuta bila kompyuta. Badala ya kuchora nukta, gundisha punje za maharage kwenye kadi zote za darasa. Msichana asiyeona atasoma kwa vidole kadi ileile anayosoma jirani yake, na upande laini utakuwa 0. Kosa la kawaida hapa ni mwanafunzi kudhani 1 maana yake ni kadi yenye nukta moja. Likitokea, mfunulie kadi ya 16 peke yake na umwombe aandike tarakimu zote tano: 10000.

Wiki ya 5 na ya 6, mezani ni kupanga na kutafuta. Tafuta chupa sita za maji zinazofanana, zipake rangi au zivishe karatasi, uzijaze mchanga kwa viwango tofauti. Sharti ni moja: unaruhusiwa kulinganisha chupa mbili tu kwa wakati, moja mkono huu na moja mkono ule. Wazipange kutoka nyepesi hadi nzito huku mmoja akihesabu mara walizolinganisha. Wanaotafuta nyepesi kuliko zote kwanza, kisha inayofuata, watafika 5 na 4 na 3 na 2 na 1, jumla 15. Hapo muulize kila mmoja kama kuna namna ya kupunguza. Kwa zoezi la kutafuta namba uliyoitaja, tumia kadi 31 za namba zilizopangwa kwa mfuatano na kufunikwa. Anayefunua ya katikati ya zilizobaki kila mara hatazidi mara 5. Aliyeanzia mwanzo anaweza kufika 31. Kwenye mashine, wiki hizi mbili wanaendelea na mafaili na folda, na wanaanza kufungua faili la programu uliyoiandaa na kuiendesha bila kubadili chochote.

Wiki ya 7 na ya 8 ni vibadilika, yaani majina yanayobeba thamani inayoweza kubadilika, na kuonyesha matokeo, ya 9 na ya 10 masharti, ya 11 na ya 12 kurudia. Kila wazo lina wiki mbili, yaani vipindi sita, na kila wazo lipite hatua zilezile kwa mpangilio uleule: kusoma programu iliyokwisha andikwa na kutabiri, kuiendesha, kuichunguza, kuibadili kidogo, kupanga mistari iliyokatwa vipande, na mwisho kuandika yao. Kuandika programu kutoka karatasi tupu ndiyo hatua ngumu kuliko zote, na madarasa mengi huanzia hapo.

Mfano wa wiki ya 9. Faili hili liwe tayari kwenye kila mashine, wasilinakili ubaoni:

abiria = "mwanafunzi"
if abiria == "mwanafunzi":
    nauli = 200
else:
    nauli = 600
print(nauli)

Kunakili mistari sita kwa asiyezoea kibodi kunakula zamu nzima, na makosa ya kuchapa yanaficha wazo. Kwanza waandike utabiri kwenye daftari kabla ya kuendesha. Utabiri usiuwekee alama, vinginevyo watasubiri kuona jibu ndipo waandike. Kisha badilisha mstari wa kwanza uwe "Mwanafunzi" kwa herufi kubwa na uulize tena. Wengi watasema 200. Mashine itasema 600, kwa sababu M na m kwake ni herufi mbili tofauti. Hapo darasa zima, pamoja na wale watano, litanyamaza kidogo na kuanza kufikiri, na mtazungumza kwa kina kuhusu namna kompyuta inavyolinganisha maneno.

Kwa kupanga mistari, chapa programu hiyohiyo kwa maandishi makubwa, kata kila mstari peke yake, changanya, na uweke ndani ya bahasha na mstari mmoja wa uongo: ule wa if ukiwa na alama moja ya = badala ya mbili. Mbinu hii ilianzishwa na Dale Parsons na Patricia Haden huko New Zealand, waliyoieleza mwaka 2006. Inapima fikra peke yake, kwani hakuna kuchapa na hakuna tahajia. Wapange juu ya boksi ulilogundisha nyuzi mbili za wima: uzi wa kwanza ni mwanzo wa mstari, wa pili ni mahali mistari ya ndani inapoanzia. Nyuzi hizo zinaonekana na zinagusika. Vipande vya msichana asiyeona aviandike kwa nukta nundu mwenyewe au mwalimu wa elimu maalumu, kwa mashine ya Perkins au sahani na kalamu yake. Bahasha 13 zinatosha, na zikihifadhiwa vizuri zitatumika mwakani.

Vibadilika vina mtego mmoja wa kujiandaa nao. Mstari kama nauli = nauli + 50 unamgonga mwanafunzi aliyefundishwa hisabati kuwa pande mbili za = ni sawa. Usibishane naye kwa maneno. Chora jedwali lenye safu ya namba ya mstari na safu ya kila kibadilika, mpitie mstari kwa mstari, na thamani ya zamani ikatwe kila mpya inapoandikwa. Jedwali hilo lifanye kuwa desturi hadi Kidato cha Nne.

Lugha sasa. Wazo jipya lianze kwa Kiswahili, mazungumzo yaende kwa Kiswahili, kisha neno la Kiingereza liingie likiwa na mahali pa kukaa. Maneno mapya ya Kiingereza yasizidi 6 kwa wiki. Kwa wiki 12 hayo ni 72, na yanatosha. Kila mmoja awe na kurasa za istilahi zenye safu nne: neno la Kiingereza, la Kiswahili, mfano kutoka programu mliyosoma, na alama ya mkono mliyokubaliana. Majina ya vibadilika yawe ya Kiswahili, Python haina shida nayo. Lakini upimaji wa kitaifa wa Kidato cha Pili uko kwa Kiingereza, kwa hiyo kuanzia wiki ya 7 kila mwanafunzi aandike kila wiki sentensi moja ya Kiingereza inayoeleza programu. Mpe mwanzo wa sentensi, yeye amalizie. Sarufi usiikate alama.

Ukutani bandika karatasi kubwa ya ujumbe wa makosa. NameError: umetumia jina ambalo programu haijalijua, kagua tahajia na herufi kubwa. IndentationError: nafasi za mwanzo wa mstari hazilingani. SyntaxError: kuna alama imekosekana au imezidi, anza kukagua nukta pacha, mabano na alama za kunukuu, na angalia pia mstari wa juu yake. Kanuni ni kusoma karatasi kwanza, kumuuliza mwenzako pili, mwalimu baadaye. Msichana asiyeona apate nakala yake ya nukta nundu. Kwa jozi 13 na mwalimu mmoja, karatasi hiyo ndiyo itakayokupa nafasi ya kukaa na mtu dakika tatu mfululizo.

Scratch au Python? Scratch ina Kiswahili ndani yake na hufanya kazi bila intaneti, tunaipenda. Kwa darasa lako tungeiacha ibaki ya klabu baada ya masomo. Programu yake ya sasa inataka Windows 10, na vitalu vyake huburutwa kwa kipanya, visoma skrini haviwezi kuvifuata. Ukiifanya njia kuu ya darasa, umemfungia nje mwanafunzi mmoja tangu siku ya kwanza. Weka Python. Kwenye Windows 7 toleo la mwisho linalokubali ni 3.8, na kwa Kidato cha Kwanza lina kila unachohitaji.

Msichana asiyeona mwekee NVDA, kisoma skrini cha bure. Kwa Windows 7 chukua toleo la 2023.3, la mwisho kuikubali. Unaweza pia kutengeneza nakala inayotembea kwenye flashi, ili mashine yake ikiharibika ahamie nyingine bila kusubiri. Sauti ya eSpeak NG iliyomo ina Kiswahili. Mpe muda asikilize ya Kiswahili na ya Kiingereza, achague mwenyewe ya kusomea programu. Kuna mipangilio miwili ambayo bila hiyo atakwama, na watu watadhani ni yeye. Wa kwanza ni uakifishaji: abonyeze Insert na P mpaka NVDA iseme inasoma alama zote, kwa sababu kwa kawaida hurukia nyingi, naye hatajua kama nukta pacha ipo. Wa pili ni nafasi za mwanzo wa mstari: kwenye mipangilio ya muundo wa maandishi, washa utoaji taarifa wa nafasi kwa sauti au kwa mlio, maana Python huamua maana ya programu kwa nafasi hizo.

Kihariri cha IDLE kinachokuja na Python asikitumie, NVDA haikisomi ipasavyo. Aandike kwenye Notepad na aendeshe kutoka dirisha la amri kwa kuandika python nauli.py. Notepad ina tabia ya kuongeza .txt mwishoni mwa jina la faili, kwa hiyo mwandalie faili tayari na yeye ahariri tu. Wiki za 2 hadi 4, wenzake wakijifunza vidole, yeye ajifunze vidole na amri za NVDA pamoja. Kwa kuwa haangalii vitufe tangu mwanzo, usishangae akiwapita kwa kasi ya kuchapa. Jozi yake iwe na kigawanyo cha spika za masikioni ili wote wawili wasikie, na yeye azibe sikio moja tu, jingine libaki kwako. NVDA pia ina dirisha linaloandika kila inachosema. Liwashe ili nawe uweze kufuata kazi yake.

Mvulana mwenye ualbino asitegemee ubao wala projekta kabisa. Mashine yake iwe mbali na dirisha, kikuza skrini kiwashwe kwa kitufe cha Windows na alama ya kujumlisha, na karatasi zake zichapwe kwa ukubwa wa 24. Kofia aruhusiwe ndani kama mwanga unamuumiza.

Kwa msichana kiziwi, mpe mkalimani maneno 6 ya wiki ijayo kila Ijumaa pamoja na programu mtakayosoma. Watatu mkubaliane alama kwa kila neno na mzirekodi kwa simu. Tawi la CHAVITA (Chama cha Viziwi Tanzania) lililo karibu linaweza kuwasaidia pale mnapokwama. Darasani, onyesha kwenye skrini, nyamaza, subiri macho yake yarudi kwa mkalimani, ndipo ueleze. Hawezi kutazama vyote viwili kwa pamoja. Ukizungumza huku unaandika, umemwacha. Na ile ishara ya dakika 7 iwe kengele pamoja na taa kuzimwa na kuwashwa, ili wote 52 waipate.

Wale watano usiwape mada ya mbele, maana mwezi ujao watachoka tena. Wape programu ileile yenye madai mazito zaidi: nauli ya mwanafunzi, mzee na mtoto mdogo kwa pamoja, ikubali herufi kubwa na ndogo, ifanye hivyo kwa kulinganisha mara chache iwezekanavyo. Kisha wabadilishane, kila mmoja atafute data itakayoharibu programu ya mwenzake. Wasaidizi wako wawe mara mojamoja tu, wao pia ni wanafunzi na wana haki ya kujifunza kitu kipya kila wiki.

Kila baada ya wiki mbili wape jaribio la alama 10: kutabiri 3, kusahihisha programu yenye kosa 3, kuandika 4. Lengo ni lilelile kwa wote, njia ya kulionyesha ndiyo hubadilika: asiyeona anaweza kusomewa au kutumia NVDA, kiziwi anaweza kueleza kwa alama. Aliye nyuma mpunguzie idadi ya maswali, usimpunguzie uzito wake. Ukiona amepata 3 za kutabiri na 0 za kuandika, fikra anayo na mikono ndiyo inayodai muda. Mwongezee dakika 10 za kibodi kila wiki, usimrudishe kwenye masharti.

Kwa mwalimu wa taaluma, mweleze kwamba mwanafunzi huyu anahitaji kompyuta moja kati ya 14 mlizonazo, programu ya bure, na spika za masikioni. Hakuna kifaa cha kununuliwa nje. Mwonyeshe kadi za maharage na nyuzi kwenye boksi, kwamba zinatumiwa na darasa zima. Kisha mwombe jambo ambalo liko ndani ya uwezo wake: kwa kushirikiana na afisa elimu maalumu wa halmashauri, mahitaji ya wanafunzi wote watatu yaandikwe mapema kwenye taarifa za usajili wa mitihani. Baraza la Mitihani huandaa karatasi za nukta nundu na za maandishi makubwa, ila shule ndiyo inayotakiwa kuzitaja. Ulizeni pia tangu sasa utaratibu wa mtihani wa vitendo kwa anayetumia kisoma skrini, na mjue ni lini shule itatakiwa kuweka NVDA kwenye mashine atakayofanyia.

Kwenye azimio lenyewe, ongeza safu tatu baada ya ile ya malengo: ugumu mpya wa wiki (andika neno moja tu kati ya lugha, mikono na fikra), kazi ya mezani bila umeme, na kifaa kilichobadilishwa kwa ajili ya nani. Wiki yoyote utakayojikuta umeandika maneno mawili kwenye safu ya ugumu, igawe kabla hujapeleka azimio kwa mkuu wa shule.